Tarikhi ya Kumlea Panya Buku Asiume

Katika nyanda hizi za kati, kuanzia vilima vya mawe vilivyouzunguka mji wa Dodoma hadi mbuga zipitazo Msalato kuelekea Kondoa, hakuna mnyama aliyekaa karibu na binadamu kwa muda mrefu, na kuchukiwa kwa muda ule ule, kama panya. Mvua yetu ni haba. Katika mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili tu, na kwa hiyo uwele na mtama uliovunwa baada ya masika sharti ukae ndani ukiilinda nyumba nzima kwa miezi mingi ya ukame. Wagogo, waliojenga tembe zao kwa miti na udongo na kuziezeka paa la bapa, waliweka nafaka katika vilindo vya magome ya miti na katika vihenge vilivyokandikwa vema, wakaviziba midomo kwa uangalifu uliozidi ule wa kufunga mlango, kwa sababu mwizi wa mlangoni huja mara moja katika mwaka, ilhali mwizi wa kihenge huja kila usiku. Na katika njaa kuu ya miaka ya 1918 hadi 1920, ambayo wazee waliiita Mtunya, iliyoletwa na ukame pamoja na majeshi ya vita vikuu yaliyotwaa nafaka na mifugo ya watu, kibaba kimoja kilichookolewa na jino la panya kiliweza kuwa ndicho uhai wa mtoto mmoja.

Ndiyo maana habari ninayotaka kuieleza hapa huwa ngumu kusadikiwa na mzee wa Ugogo anayeisikia kwa mara ya kwanza. Katika nchi yetu hii hii, mwendo wa kilomita 260 hivi mashariki ya Dodoma, kwenye mji wa Morogoro ambao reli ya Wajerumani iliufikia mwaka 1907, miaka mitatu kabla ya kutufikia sisi, wako watu ambao kazi yao ya kila siku ni kumlea panya tangu utotoni, kumshika, kumbeba, kumzoeza sauti na mikono ya binadamu, hata akawa hamwumi mtu, kisha wakampa kazi mbili ambazo kwa kuzishindwa watu wengi wamepoteza viungo na maisha yao: kazi ya kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kazi ya kutambua ugonjwa wa kifua kikuu. Dunia imemtukuza panya huyo kwa medali na kwa picha. Mimi nataka kuitukuza sanaa iliyomtangulia, yaani sanaa ya kuondoa hofu ndani ya kiumbe mdogo kabla haijageuka kuwa jino. Kwa maana naitakidi kwamba bila ya sanaa hiyo pua ya panya, pamoja na ukali wake wote, isingalimfaa mtu yeyote.

Sanaa yenyewe ni kongwe, na njia iliyopitia si nzuri yote. Katika nchi za Ulaya yuko mnyama mdogo aitwaye fereti, mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu, aliye wa ukoo mmoja na kicheche wetu mwenye mistari myeupe mgongoni, yule ambaye aliyekutana naye usiku vichakani humkumbuka kwa uvundo wake kuliko kwa sura yake. Fereti amefugwa kwa zaidi ya miaka 2000. Strabo, mwanajiografia wa Kiyunani wa zama za Kaisari Augusto, aliandika habari za wanyama wa namna hiyo waliotoka Libya, ambao watu wa Hispania waliwafunga vinywa na kuwaingiza katika mashimo ya sungura ili wawafurushe nje. Na Plinio wa Roma akasimulia jinsi wenyeji wa visiwa vya Balearic walivyozidiwa na sungura hata wakamwomba Kaisari huyo huyo awapelekee askari. Zingatia neno hilo la Strabo, kwamba walifungwa vinywa. Tangu mwanzo, dawa ya kwanza iliyomjia binadamu mbele ya jino ilikuwa ni kufunga mahali jino linapotokea, na dawa hiyo ilidumu karne nyingi, hata wakawako wawindaji waliowashona fereti wao midomo kwa uzi ili wasije wakamla sungura huko chini ya ardhi na kulala usingizi wa shibe.

Walakini baina ya wawindaji hao hao palitokea watu wenye jicho la kuangalia, waliogundua kwamba fereti aliyeshikwa kila siku tangu akiwa mdogo, akanyweshwa maziwa karibu na mkono na kuwekwa kifuani pa mtu, hakuhitaji uzi wala kamba. Waliona kuwa mtoto wa fereti huuma katika mchezo, kwa kuwa ngozi ya ndugu zake ni nene na haiumii upesi, naye hana njia ya kujua kwamba ngozi ya binadamu ni nyembamba ila kwa kufundishwa. Wakajifunza kumkaribia kwa ngumi iliyofumbwa, isiyo na kidole cha kudakwa, na kumwacha ainuse hata atosheke. Wakajifunza pia kwamba kumpiga mnyama aliyeuma ni kumthibitishia kuwa alikuwa na haki ya kuuma, maana alidhani mkono ni adui, na sasa mkono umekiri.

Pwani yetu nayo ina ukurasa wake katika tarikhi hii, ingawa si ukurasa wa kujivunia. Fungo na ngawa walitafutwa kwa ajili ya zabadi, yale mafuta mazito yenye harufu kali yatokayo katika kifuko kilicho karibu na mkia, ambayo wenye kutengeneza manukato waliyanunua kwa thamani kubwa; na kwa tamaa ya biashara hiyo aina ndogo ya ngawa ililetwa kutoka Asia hadi Unguja na Pemba, ambako wazao wake wangali wakizurura mashambani hata leo. Kule Uhabeshi, palipokuwa ndipo makao makuu ya biashara ya zabadi, ngawa dume alifungiwa katika kizimba cha fito, kirefu na chembamba hata asiweze kugeuka, ili mwenye kukwangua kwa kijiko cha pembe asidhuriwe. Mnyama huyo alikaa na watu miaka na miaka, akala chakula cha mikono yao, wala hakuwa wao hata siku moja. Kwa kuwa walichokitaka kwake kilikuwa kifukoni, na hawakuwa na haja na moyo wake.

Tena iko njia ya tatu, nayo ni ya kumchukua mnyama mwenye meno na kumtupa penye adui bila ya malezi yoyote. Mwaka 1872 nguchiro tisa walisafirishwa kutoka Bara Hindi hadi Jamaika ili wawamalize panya walioharibu mashamba ya miwa. Walizaana, wakaenea, na pamoja na panya wakala ndege na mijusi wa kisiwa ambao hawakumkosea mtu. Na fereti waliopelekwa New Zealand katika miaka ya 1880 ili wawapunguze sungura wakafanya madhara yale yale kwa ndege wasioruka wa nchi ile. Hizo ndizo njia tatu ambazo binadamu alizijua zaidi kwa karne nyingi: kufunga kinywa, kubana kiwiliwili, na kuacha jino lende litakako. Njia ya nne, ya kulea, ilibaki kuwa siri ya watu wachache wenye subira, nayo ndiyo iliyopata kwao makao mapya katika nchi yetu.

Panya buku, anayetajwa katika habari hizi, si yule panya mdogo wa kihengeni. Ni mnyama wa kilo moja hadi kilo moja na nusu, ambaye kutoka puani hadi ncha ya mkia hukaribia urefu wa mkono mzima wa mtu, mwenye mifuko miwili ndani ya mashavu ya kubebea chakula, mkia wenye rangi mbili, macho madogo yasiyoona mbali, na pua ambayo kwayo huijua dunia yote inayomzunguka. Hutoka usiku na kulala mchana. Hufukia akiba yake chini na kuirudia kwa kunusa. Porini mtu hamshiki buku mzima kwa mikono mitupu asijute, maana meno yake ya mbele hupasua maganda ya kokwa ngumu, na kidole cha mtu si kigumu kuliko kokwa. Waswahili walipomsingizia panya kwamba huuma na kupuliza walikuwa wakimsema panya wa nyumbani, aumaye mtu usingizini. Buku akibanwa pembeni hana haja ya kupuliza.

Mtu aliyewaza kumfanya mnyama huyu kuwa mtumishi alikuwa Mbelgiji, Bart Weetjens, aliyewahi kufuga panya na wanyama wa jamii yao alipokuwa mtoto, akasoma fani ya usanifu wa vyombo huko Antwerp, na katika miaka ya 1990 akasumbuliwa sana na habari za mabomu ya ardhini yaliyoachwa na vita katika Afrika, ambayo yaliendelea kuwakata miguu wakulima na watoto muda mrefu baada ya mapatano ya amani kutiwa saini. Alisoma kwamba wanyama wadogo wa jamii ya panya waliwahi kufundishwa kunusa baruti katika maabara, akajiuliza kwa nini fikra hiyo isipelekwe shambani. Profesa Ron Verhagen wa Chuo Kikuu cha Antwerp, mjuzi wa panya, akamwelekeza kwa buku wa Afrika, kwa sababu huyu huishi hata miaka minane anapotunzwa, na mafunzo ya miezi mingi hulipa kwake faida ya miaka mingi. Fauka ya hayo ni mwenyeji wa bara hili na huyastahimili maradhi ya kwao, na uzito wake hautoshi kulipua bomu analolikanyaga. Mwaka 1997 shirika la APOPO likaanzishwa, na majaribio ya kwanza yakafanyika Ubelgiji.

Mwaka 2000 kazi ikahamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wala haikuhamia huko kwa bahati nasibu. Wataalamu wa chuo hicho, akiwamo Profesa Robert Machang'u, walikuwa wakiwachunguza panya kwa sababu ile ile iliyowafanya Wagogo wazibe vihenge vyao: walikuwa wakitaka kujua ni kwa nini katika miaka fulani panya wa shamba hufurika na kumaliza mbegu za mahindi kabla hazijachipua, na uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kuwa mvua za vuli zikizidi na kuwahi, panya huanza kuzaa mapema, na msimu unaofuata huwa wa msiba. Basi elimu iliyozaliwa katika kumpiga vita panya ndiyo iliyompokea panya aliyekuja kulelewa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania likatoa uwanja wa mafunzo, ambamo mabomu yasiyoweza kulipuka yalifukiwa mstari kwa mstari, na kijana wa Morogoro aliyezoea kumfukuza panya kwa ufagio akaajiriwa kumbeba kifuani.

Hapa ndipo panapotaka kutazamwa kwa karibu, maana ndipo kiini cha habari yetu kilipo. Panya buku jike hubeba mimba kiasi cha mwezi mmoja, akazaa watoto wachache, aghalabu wasiozidi watano, wakiwa uchi wa manyoya na wamefumba macho, katika chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kizimba kiwe badala ya shimo. Majuma ya mwanzo ni ya mama. Macho ya watoto yakisha kufumbuka, na hao wakaanza kutambaa nje ya chungu, ndipo zamu ya mlezi inapoanza, katika majuma ya nne, ya tano na ya sita ya umri wao. Na majuma hayo hayakuchaguliwa kwa kubahatisha, maana ndio muda ambao mtoto ana akili ya kutosha kuijua dunia na hajawa bado na uzoefu wa kuiogopa. Akishikwa kabla, hakumbuki. Akishikwa baadaye, amekwisha kuamua. Wahenga wa pwani walisema udongo uwahi ungali maji, na sidhani kama iko kazi inayoshuhudia zaidi ukweli wa kauli hiyo.

Mlezi haanzi kwa kushika. Huanza kwa kuuweka mkono wake ndani ya kizimba, kiganja juu, umetulia, hata mtoto aje mwenyewe kuunusa. Na mkono huo hauji kutoka juu, kwa kuwa katika maumbile ya panya kila kitu kinachoshuka kutoka juu ni bundi. Mtoto akisha kupanda kiganjani kwa hiari yake huinuliwa kidogo, akategemezwa tumbo na miguu ya nyuma ili asijione anaanguka, akarudishwa chini kabla hajataka kurudi. Kesho yake huinuliwa zaidi. Baadaye hulazwa kifuani, penye joto na mapigo ya moyo, akapandishwa begani, akatembezwa nje kwenye majani, kwenye mchanga na kwenye sakafu ya saruji, akasikizishwa ngurumo za magari, vicheko vya watu na sauti ya redio, hata pasiwe na kitu cha kawaida cha dunia ya binadamu kitakachomshtua mbele ya safari. Akiuma katika siku hizo za mwanzo, mlezi hautoi mkono kwa ghafula, maana huko ni kumfundisha kwamba jino hufukuza. Wala hampigi, maana huko ni kumfundisha kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Huukaza mkono wake katika utulivu ule ule, akangoja, kisha akaendelea na kazi kana kwamba halikutokea neno. Kuuma kusipoleta ushindi wala adhabu hupoteza maana, na kitu kisicho na maana mnyama hukiacha upesi kuliko mtu.

Baada ya malezi hayo ndipo yanapokuja mafunzo, yanayochukua kiasi cha miezi tisa. Mkufunzi huwa na kidude kidogo mkononi kinacholia tik, na kila kinapolia panya hupewa chakula, ndizi au mchanganyiko wenye karanga, mpaka mlio huo ukawa kwake ni ahadi isiyovunjwa. Kisha hupewa harufu ya kuitafuta. Baruti kidogo hutiwa katika kichujio cha chai cha chuma kilicho kama yai, kikafukiwa mchangani. Panya akikifikia na kukwaruza juu yake, tik, na chakula. Mwisho huvishwa mkanda wa kifuani, akafungwa kwenye kamba iliyonyoshwa baina ya wakufunzi wawili, akaenda na kurudi uwanjani alfajiri kabla jua halijawa kali, akiwa amepakwa masikioni na mkiani mafuta ya kumkinga na mwanga, maana yeye ni mnyama wa usiku aliyekubali kufanya kazi mchana kwa ajili yetu. Hathibitishwi kuwa amefuzu mpaka aweze kulipita eneo la mtihani asikose bomu hata moja.

Ukitazama mfululizo huo wote utaona kwamba hakuna hatua yake moja inayowezekana pasipo ile ya kwanza. Panya mwenye hofu havishwi mkanda. Panya mwenye hofu hali mbele ya mtu, hata akiwa na njaa; na asiyekula mkononi hana namna ya kufundishwa, kwa kuwa chakula ndicho lugha yenyewe ya mafunzo. Wako wanaosema kwamba jambo zima ni tumbo, na kwamba panya huyu hana uhusiano na mlezi wake ila wa ndizi. Nawajibu kwamba ndizi inalipia kazi, lakini haikuweza kuinunua ile saa ya kwanza ambapo mtoto wa panya alitoka chunguni akapanda kiganja cha kiumbe kikubwa kuliko yeye mara mia, akalala juu yake. Saa hiyo ililipiwa kwa subira, nayo hulipiwa upya kwa kila mtoto azaliwaye, maana utulivu alioupata mama kutoka kwa mlezi haumtoshi mwanawe.

Matunda ya kazi hiyo yamekwisha kuandikwa na wengi, nami nitayapitia kwa ufupi. Panya wa Morogoro walianza kazi Msumbiji, nchi iliyotoka katika vita virefu mwaka 1992, na Septemba 2015 serikali ya nchi hiyo ikatangaza kuwa ardhi yake haina tena maeneo ya mabomu yajulikanayo. Wengine walipelekwa Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kupelekwa Siem Reap, Kambodia, mwaka 2016, alipata Septemba 2020 medali ya dhahabu ya shirika la Kiingereza la PDSA, ambayo panya hakuwahi kuipata kabla yake. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amefichua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 zilizokuwa hazijalipuka, na Januari 2022 akafa kwa uzee. Kiwanja cha ukubwa wa uwanja wa tenisi alikimaliza kwa dakika 30, kazi ambayo mtu mwenye chombo cha kutambua metali anaweza kuifanya kwa siku nne, kwa kuwa chombo hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha chupa, naye panya hushughulika na baruti peke yake.

Kazi ya pili, ya kifua kikuu, ndiyo inayotugusa sisi wa nchi hii zaidi, na tarikhi yake inakutana na ile ya panya mahali pa kustaajabisha. Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyetangaza mwezi Machi 1882 kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu, ndiye aliyekuja katika nchi yetu mwaka 1897, akitoka Bara Hindi kuchunguza tauni, na mwaka 1898 akathibitisha kuwa maradhi yaliyowaua watu wa Kiziba, magharibi ya Ziwa Nyanza, yalikuwa ni tauni hasa, ugonjwa unaobebwa na viroboto wa panya. Kwa macho ya elimu ya zama zake, basi, panya alikuwa mshitakiwa mmoja, na kifua kikuu msiba mwingine usiohusiana naye. Hospitali ya Kibong'oto ikajengwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Na kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, chini ya uongozi wa daktari Karel Styblo, Tanzania ikawa mahali ambapo utaratibu wa tiba fupi inayosimamiwa ulipimwa na kusarifiwa, kisha ukaenea duniani. Lakini utaratibu huo, pamoja na ubora wake wote, ulitegemea jicho la mpimaji juu ya darubini, na jicho lililochoka huwapa ruhusa ya kwenda nyumbani watu wengi walio wagonjwa.

Mwaka 2007 panya waliofundishwa Morogoro walianza kunusa makohozi yaliyotoka katika zahanati, baada ya kuchemshwa ili vijidudu vife. Vikombe hupangwa chini ya matundu kwa safu. Panya hupita, tundu baada ya tundu, na akipata harufu ya ugonjwa husimama na kuigandisha pua yake hapo kwa sekunde chache. Vikombe 100, ambavyo mpimaji wa darubini angevimaliza kwa siku kadhaa, yeye huvimaliza katika dakika 20. Neno lake halichukuliwi kuwa hukumu. Kila alichokisimamia hupimwa tena maabara, na mgonjwa hapewi habari mpaka jibu lithibitike. Hata hivyo maelfu ya watu ambao zahanati ilikuwa imewaambia hawana ugonjwa wamepatikana kwa njia hiyo na kuanza dawa, na kila mmoja wao aliacha kuwaambukiza aliolala nao chumba kimoja. Sisi wa nyanda za kati, tuliojenga nyumba za kujikinga na upepo na vumbi, zenye madirisha madogo na watu wengi ndani, tunaijua thamani ya mgonjwa mmoja aliyegunduliwa mapema.

Hapa Msalato pana shule na pana chuo, na aghalabu vijana huniuliza ni nini hasa kilichoifanya Tanzania ifaulu katika jambo ambalo mataifa yenye mali nyingi hayakuwa yamelianza. Huwajibu kwamba pua ilikuwapo porini tangu azali, na fedha zilitoka Ulaya, na fikra ilizaliwa Antwerp. Lakini mikono ilikuwa ya Morogoro. Ni wanawake na wanaume wa nchi hii waliochubuliwa vidole katika miaka ya mwanzo, waliojua kwa kujaribu na kuangalia ni siku gani mtoto wa panya anakubali kubebwa na ni siku gani anakataa, ni yupi mwenye moyo mwepesi anayetaka kutulizwa na ni yupi jasiri anayetaka kuchelewa kidogo kufunguliwa, na waliomuaga mnyama waliyemlea kwa mwaka mzima alipotiwa katika kisanduku cha kupandishwa ndege kwenda nchi ambayo wao hawataiona. Elimu yao waliipokezana kwa mdomo, kwa Kiswahili, mzoefu akimsimamia mgeni mbele ya kizimba na kumwambia mkono uwe wapi na usiwe wapi.

Taarifa za kitaalamu za kazi hiyo zimechapishwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna hesabu za mabomu, za vikombe na za dakika. Malezi yenyewe hupewa mstari mmoja au miwili, kana kwamba panya alikuja mezani akiwa mpole. Hilo ni pungufu linalotaka kuzibwa na sisi wenyewe. Tunayo desturi njema ya kuandika vitabu vya kilimo, vya ufugaji nyuki, vya ukunga na vya dawa za mitishamba, ili ujuzi wa mzee usizikwe naye. Na sioni sababu ya kumnyima daraja hilo mlezi wa panya buku, ambaye ametimiza jambo lililowashinda wenye uzi, wenye vizimba vya fito na wenye kuacha nguchiro porini. Kiandikwe kitabu, kwa Kiswahili kinachosemwa mbele ya vizimba hivyo, kikitaja majina ya walezi waliotangulia kama tunavyotaja majina ya waliojenga reli na waliofungua hospitali. Kisomwe katika vyuo vya mifugo na katika shule za nyanda hizi, mahali ambapo panya bado ni adui wa kihenge na ataendelea kuwa adui wa kihenge. Mtoto wa Ugogo atakayekisoma atajifunza kuwa hakuna ubishi baina ya kulinda nafaka yake na kumlea buku, maana kazi zote mbili zinataka kitu kimoja, kumjua mnyama vizuri kuliko anavyojulikana na mtu anayemchukia tu.